Namna ya Kuitazama WrestleMania X-Seven kwa Kuanzia kwenye Uhasama Wake

Mtu anayetaka kuitazama WrestleMania X-Seven, onyesho kubwa la mieleka la mwaka 2001, kwa mara ya kwanza hushauriwa mara nyingi aende moja kwa moja kwenye pambano la mwisho kati ya Stone Cold Steve Austin na The Rock. Ushauri huo unampunja. Pambano hilo humvutia hata asiyejua lolote, lakini dakika zake za mwisho, ambapo mwanamieleka aliyependwa kuliko wote anampa mkono adui aliyepigana naye kwa miaka, bosi wake Vince McMahon, hazina uzito kwa mtu asiyejua yaliyopita kati yao. Onyesho hilo, lililofanyika tarehe 1 Aprili 2001 katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Texas, mbele ya watazamaji 67,925, lilijengwa juu ya magomvi yaliyolimbikizwa kwa miezi, na mengine kwa miaka. Mwongozo huu unaeleza uanzie wapi, ufuate mpangilio gani, na uangalie nini utakapofika ulingoni.

Kabla ya kutazama chochote, elewa jinsi kazi hii ilivyoendeshwa. Matokeo ya mieleka ya aina hii hupangwa, kwa hiyo kuuliza ni nani mwenye nguvu zaidi hakutakufikisha popote. Uliza kila mmoja anadai nini, na ni nani aliyemzuia asikipate. Wakati ule kampuni iliyoandaa onyesho hilo iliitwa WWF, kabla ya kubadilisha jina kuwa WWE mwaka 2002, nayo ilirusha kipindi cha Raw kila Jumatatu na SmackDown kila Alhamisi, kisha karibu kila mwezi ikaandaa onyesho kubwa ambalo mtazamaji wa nyumbani hakuliona mpaka alilipie peke yake. Vipindi vya wiki viliutia ugomvi makali bila kuumaliza, na onyesho la kulipia ndilo lililopaswa kuumaliza. Ukilitazama onyesho bila vipindi hivyo, unaisikia hukumu bila kuisikia kesi.

Chukua karatasi, na kwa kila pambano kubwa andika sentensi moja kwa kila mpiganaji: anataka nini usiku huo, na kwa nini hawezi kungoja mwezi ujao. Ikikushinda kuiandika, rudi nyuma kwenye vipindi vya Raw vya Februari na Machi 2001 mpaka iandikike.

Kwa Austin na The Rock, usianzie mwaka 2001. Anza na WrestleMania XV ya tarehe 28 Machi 1999 mjini Philadelphia, ambapo wawili hao walikutana kuwania mkanda uleule wa ubingwa watakaoupigania Houston. The Rock alikuwa bingwa anayelindwa na mwenye kampuni, Vince McMahon, na Austin alikuwa mfanyakazi mkaidi ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akimpiga, kumtukana na kumwaibisha bosi wake mbele ya umati. Austin alishinda. Shika vizuri nafasi ya kila mmoja katika usiku huo, hasa mahali alipokuwa amesimama McMahon, kwa sababu miaka miwili baadaye nafasi hizo zitapinduliwa.

Kisha tazama tukio moja tu kutoka Survivor Series ya Novemba 1999 mjini Detroit, ambapo Austin aligongwa na gari katika eneo la maegesho. Katika hadithi, tukio hilo lilitumika kumwondoa ulingoni. Katika maisha halisi shingo yake ilikuwa imeumia na alihitaji upasuaji. Hakurejea kikamilifu hadi msimu wa vuli wa mwaka 2000, na katika kipindi hicho chote The Rock alikuwa ndiye jina la kwanza la kampuni. Mwanamieleka Rikishi, alipokiri Oktoba 2000 kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, alidai kuwa alifanya hivyo kwa ajili ya The Rock. The Rock alikana kuhusika, na baadaye ikabainika kwamba aliyekuwa nyuma ya njama hiyo ni mwanamieleka mwingine, Triple H. Hata hivyo, mbegu ilikwisha kupandwa. Wengi wanaosimulia ugomvi wa 2001 hukiruka kipande hiki, nami naona ndicho kinachoeleza zaidi hali ya Austin: amerudi kutoka kitandani na kukuta kiti chake kinakaliwa na mtu ambaye jina lake lilitajwa katika kuumizwa kwake.

Hatua inayofuata ni maonyesho mawili yaliyotangulia. Katika Royal Rumble ya tarehe 21 Januari 2001 mjini New Orleans, Austin alishinda pambano la watu thelathini na kupata haki ya kuwania ubingwa kwenye WrestleMania. Katika No Way Out ya tarehe 25 Februari mjini Las Vegas, The Rock alimshinda Kurt Angle na kuuchukua mkanda, lakini usiku huohuo Austin alishindwa na Triple H katika pambano la hatua tatu. Tazama namna alivyoshindwa: katika hatua ya mwisho wote wawili walipigana kwa silaha kwa wakati mmoja na kuanguka, na Triple H akamwangukia Austin juu na kuhesabiwa ushindi. Mtu anayeshindwa kwa namna hiyo hana wa kumlaumu wala cha kujifunza, na anaanza kuogopa kwamba labda wakati wake umepita. Austin alienda Houston akiwa na hofu hiyo, na hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha alikofika.

Mwezi wa Machi utazame kwa makini zaidi. McMahon alimteua Debra, mke wa Austin, kuwa meneja wa The Rock, na Austin akamwonya mpinzani wake kwamba mkewe akipatwa na lolote, yeye ndiye atakayejibu. Sehemu hii ya hadithi haijawahi kunishawishi sana. Inampa Austin sababu ya kukasirika wakati sababu aliyokuwa nayo tayari ilikuwa nzito zaidi. Ipite upesi na uende kwenye mahojiano ambayo mtangazaji Jim Ross aliwakalisha wawili hao pamoja. Humo Austin hapigi kelele wala kutania. Anamwambia The Rock, kwa sauti ya chini, kwamba anahitaji kumshinda kuliko The Rock anavyoweza kufikiria. Mtazame usoni anapoyasema. Watu walidhani ni majigambo ya kawaida ya kabla ya pambano, kumbe yalikuwa maelezo kamili ya yatakayotokea.

Sasa uko tayari kwa onyesho lenyewe, ambalo huchukua karibu saa nne. Huna haja ya kuyapa mapambano yote uzito sawa. Ushindi wa Chris Jericho dhidi ya William Regal unafungua usiku vizuri. Mapambano kadhaa yanayofuata yanaweza kutazamwa kwa kupumzika. Na pambano la wanamieleka wa zamani, ambalo Iron Sheik alishinda, ni la kuwapa heshima wazee zaidi ya ushindani. Weka nguvu zako kwenye mapambano matatu kabla ya lile la mwisho.

La kwanza ni la Vince McMahon na mwanawe Shane. Hapa unahitaji kujua kilichotokea siku chache tu kabla: mwishoni mwa Machi 2001 WWF iliinunua WCW, kampuni iliyoshindana nayo vikali kila Jumatatu usiku tangu 1995, na tarehe 26 Machi, katika kipindi cha mwisho cha WCW, Shane alijitokeza Panama City Beach, Florida, akidai kwamba ni yeye aliyeinunua, si baba yake. Ununuzi ulikuwa wa kweli. Dai la Shane lilikuwa hadithi. Ongeza ugomvi wa nyumbani: Vince alikuwa ametangaza kumtaliki mkewe Linda, ambaye hadithi ilimwonyesha akiwa ameduwazwa kwa dawa kwenye kiti cha magurudumu, huku Vince akijionyesha hadharani na mwanamieleka Trish Stratus. Kama mieleka, pambano hili si la ustadi mkubwa. Thamani yake iko katika madeni yanayolipwa moja baada ya jingine. Trish anamgeuka Vince, Mick Foley ambaye ndiye refa analipiza yake, na Linda anapoinuka kutoka kwenye kiti, uwanja mzima unalipuka. Linganisha kelele hiyo na kelele ya mapambano yaliyotangulia, nawe utaelewa kwa nini miezi ya subira ilikuwa na faida.

La pili ni pambano la meza, ngazi na viti kati ya Edge na Christian, ndugu wawili Hardy, na Dudley Boyz. Uhasama huu haukujengwa kwa maneno mengi bali kwa mapambano yaliyozidiana kwa hatari, kwa hiyo njia nzuri ya kujiandaa ni kuyatazama kwa mpangilio: ngazi katika No Mercy ya Oktoba 1999 kati ya Hardy na Edge na Christian, kisha timu zote tatu katika WrestleMania ya mwaka 2000, kisha SummerSlam ya Agosti 2000 ambapo meza na viti viliongezwa rasmi. Ukifika Houston utaona kwamba kila timu inajua mbinu ya mwenzake, na kwamba Edge anaporuka kutoka juu ya ngazi kumkumba Jeff Hardy anayening'inia kwenye mikanda ya ubingwa iliyotundikwa juu ya ulingo, hilo ni jibu kwa mwaka na nusu wa kushindana nani atathubutu zaidi.

La tatu ni la Triple H na Undertaker. Triple H alitangaza kwamba hakuna aliyebaki wa kumshinda, na Undertaker akamkumbusha kwamba yeye hajawahi kushindwa naye. Undertaker ni mzaliwa wa Houston, na alikuwa hajapoteza pambano lolote la WrestleMania tangu la kwanza mwaka 1991; usiku huo alifikisha ushindi wa tisa. Wakati ule rekodi hiyo haikuwa bado kitu cha kuuzia tiketi. Wawili hao walirudiana katika WrestleMania za 2011 na 2012, na mapambano hayo mawili yanapata uzito wake kutoka hapa.

Kabla ya pambano la mwisho, usiruke video fupi ya utangulizi, kwa sababu inakusanya yote uliyoyaandika kwenye karatasi yako. Kisha msikilize mtangazaji wa ulingoni, Howard Finkel. Muda mfupi kabla ya kengele anatangaza kwamba hakutakuwa na kuondolewa kwa kukiuka kanuni, na watangazaji Jim Ross na Paul Heyman wanashangaa. Jiulize papo hapo ni nani aliyeomba sharti hilo na kwa faida ya nani. Jibu litakuja baada ya karibu nusu saa.

Ndani ya pambano, fuatilia mambo mawili. La kwanza ni jinsi Austin anavyorudia mbinu zake za zamani. Anaunasa mshiko wa Million Dollar Dream, aliokuwa akiutumia alipoingia kampuni mwaka 1996 kabla ya kuwa maarufu, na anapofungwa katika mshiko wa miguu uitwao Sharpshooter huku damu ikimtiririka usoni, picha hiyo inarudisha pambano lake na Bret Hart katika WrestleMania 13 ya mwaka 1997, ambapo alizirai bila kusalimu amri na kutoka akiwa kipenzi cha umati. Mtu huyu anachokonoa kila kona ya maisha yake akitafuta kitu kitakachotosha. La pili ni macho yake kila The Rock anapoinua bega kabla ya hesabu ya tatu ya refa, ambayo ingemaliza pambano. Hasira inapungua, na hofu inaongezeka.

Ndipo McMahon anapotembea kuelekea ulingoni. Mwache afike bila kusimamisha video. Anamvuta The Rock asimalize ushindi, na Austin anamwomba kiti cha chuma. Mwaka 1999 bosi huyu alisimama na The Rock dhidi ya Austin. Sasa Austin mwenyewe ndiye anayemhitaji. Viti vinashuka mara nyingi kupita kiasi, mkanda unabadilisha mikono, na maadui wawili wanapeana mikono na kunywa bia. Ifahamike kwamba mapigo ya viti ya enzi zile yaliumiza kwelikweli, na WWE iliyapiga marufuku mapigo ya viti kichwani mwaka 2010.

Sikiliza pia umati, kwani hapa ndipo penye utata. Austin ni mtoto wa Texas, na watu wa Houston wanaendelea kumshangilia hata anapofanya lisilosameheka. Austin mwenyewe amekwisha kusema kwamba alijutia kugeuka kuwa mwovu usiku ule, kwa kuwa mashabiki hawakutaka kumchukia. Kibiashara huenda ana haki. Kwa upande wa hadithi simwungi mkono, kwani mtu aliyekiri kwamba anahitaji ushindi kuliko kitu chochote alipaswa kuonyeshwa bei yake, na bei hiyo haikuwa nyingine ila McMahon.

Usizime baada ya bia hizo. Tazama Raw ya kesho yake, tarehe 2 Aprili, mjini Fort Worth, ambapo The Rock anarudiana na Austin ndani ya kizimba cha chuma na Triple H, aliyekuwa adui wa wote wawili, anachagua upande wake. Kisha ruka hadi WrestleMania XIX ya tarehe 30 Machi 2003 mjini Seattle, ambapo The Rock, safari hii yeye akiwa ndiye mwovu, anautafuta ushindi ambao hakuwahi kuupata dhidi ya Austin kwenye jukwaa hilo. Austin hakupigana tena pambano kamili mpaka mwaka 2022, kwa hiyo itazame ukiwa na karatasi yako ileile mkononi, na uandike upya sentensi ya kila mmoja.