Kuchomoa elbo ya kebo ya chini ya ardhi: swichi kwanza, mkono baadaye

Nimeandika haya kwa mafundi wenye leseni wanaofanya kazi kwenye msongo wa kilovolti 11 na 33. Kama wewe ni fundi wa nyumba, soma ujue, lakini kasha la swichi au transfoma usilifungue.

Elbo ni kile kiunganishi cha mpira kilichopinda kama kiwiko, kinachovikwa kichwani mwa kebo na kuchomekwa kwenye bushi, yaani kile kichwa cha kuhami kinachochomoza kwenye transfoma au swichi. Ikishakaa mahali pake, umeme wote uko ndani ya mpira. Hatari inaanza pale inapoachana na bushi: katikati inabaki hewa tu. Na hewa ya huku kwetu ni nyepesi. Vifaa vingi vimepimwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700. Cheche inaruka kirahisi kuliko Dar es Salaam. Ongeza ukungu wa Juni pale Uyole, utanielewa.

Hatua ya 1: Ijue elbo yako. Tulizonazo kwa wingi zimefungwa kwa bolti, za ampea 400 au 630. Hizo hazichomolewi zikiwa na umeme, hata bosi akisimama pembeni anatazama saa. Zipo nyingine za mtindo wa Kimarekani, za ampea 200, zenye jicho la kunasia fimbo ya kuhami na maandishi kwamba zinaweza kukatwa zikiwa na mzigo. Ndani yake mna plastiki maalumu inayotoa gesi ya kuzima cheche. Maandishi yakiwa yamefutika, ihesabu ni ya bolti. Usibahatishe.

Mimi hata hizo za pili sizichomoi na umeme kama swichi ipo. Fimbo inatoa fezi moja moja. Ukitoa moja, mota za mteja zinabaki na fezi mbili na kuanza kuungua. Ukisema basi tuzime kwanza mzigo wote, transfoma tupu kwenye kebo ndefu, ikikatwa fezi moja moja, nayo inaweza kupandisha volti kupita kiasi. Utaisikia inaunguruma kama lori linalopanda Kitonga. Swichi inafungua fezi zote tatu kwa pamoja, mjadala umekwisha.

Hatua ya 2: Kata pande zote. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu. Shika mchoro wa mtandao ujiulize: kebo hii inaweza kupata umeme kutoka wapi? Kebo iliyo kwenye mtandao wa pete (ring) inalishwa kutoka kushoto na kulia. Halafu kuna jenereta. Nikiwa bado msaidizi, tulienda kwenye kiwanda kimoja cha chai Mufindi. Upande wa laini ulikuwa umekatwa na kufuli limepigwa. Fundi mkuu akasogeza testa, ikalia. Tukatazamana. Kumbe umeme ulipokatika mtu alikuwa amewasha jenereta bila kugeuza swichi ya kubadilishia, volti 400 zikaingia transfoma kwa nyuma na kutoka kilovolti 11. Tangu siku hiyo chumba cha jenereta nakifunga mwenyewe.

Kufuli ni lako, ufunguo mfukoni mwako, kibao cha onyo kining'inie, na kibali cha kazi kiwe cha maandishi. “Nimekwambia kwa simu” si kibali.

Hatua ya 3: Pima. Jaribu testa mahali unapojua pana umeme, pima fezi zote tatu, kisha rudi ulikoanzia uijaribu tena. Elbo nyingine zina kitundu cha kupimia chini ya kikofia kidogo. Kikiwa na unyevu au uchafu kinaweza kukaa kimya ilhali umeme upo, kwa hiyo ukimya wake usiutegemee peke yake.

Hatua ya 4: Weka ethi, yaani unganisha kebo na ardhi. Kebo hubaki na chaji hata baada ya kukatwa. Tumia swichi ya ethi ya kasha lenyewe, pande zote mbili. Kama ni waya wa kubebeka, funga kwanza upande wa ardhi, ndipo uguse upande wa kebo kwa fimbo. Ukisikia “ta!” usishtuke, ni ile chaji inamalizikia.

Hatua ya 5: Chomoa. Fungua kizibo cha nyuma, legeza bolti, zungusha elbo kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, kisha vuta kwa kunyoosha. Ikilia kama chupa inayozibuliwa, hewa ndiyo inaingia. Funika bushi kwa kofia ya kuhami papo hapo, kabla hujaweka elbo chini.

Ikilazimu kuchomoa ile ya ampea 200 ikiwa na umeme, na utaratibu wa kazi yenu unaruhusu: fimbo ya mita 2.4, glovu za daraja la volti hiyo, ngao ya uso, nguo zisizoshika moto, na kituo cha kuiegeshea elbo ikishatoka kiwe tayari. Isiguswe kama kuna dalili yoyote ya shoti. Zungusha kidogo, kisha vuta mara moja, moja kwa moja, bila kusita. Ukiona cheche usiirudishe ndani, malizia kuvuta.

Kurudisha. Futa mpira na bushi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka grisi ya silikoni kiasi. Grisi ya gari huvimbisha mpira. Mwakani hutaichomoa tena, utaikata kwa kisu. Kabla ya kuomba umeme, hesabu waya za ethi ulizofunga. Kama zilikuwa mbili, ziwe mbili mkononi.