Jinsi ya Kushindana kwa Heshima Kwenye Meza ya Snuka

Katika snuka, mchezo wa kuingiza mipira mashimoni mwa meza kwa fimbo, kosa likitokea mchezaji wa kulipwa hutarajiwa kulitangaza mwenyewe, hata kama mwamuzi hakuliona. Kwa hiyo, ukihisi mkono wa shati umegusa mpira wowote, au ncha ya fimbo imeugusa mpira mweupe mara mbili, simama wima, mwambie mwamuzi, kisha rudi kitini ukimwachia mpinzani pointi zisizopungua 4, hata kama fremu hiyo (mchezo mmoja kati ya ile inayounda mechi) ndiyo inayoamua ubingwa. Hapa ndipo ilipo heshima ya mchezo huu, na sioni desturi nyingine inayoikaribia.

Mpira ukiingia shimoni kwa bahati tu, inua mkono kuomba radhi. Mpinzani anapopiga, tulia, wala usisogee mbele ya macho yake.

Kushindwa ndiko kugumu zaidi. Katika fainali ya dunia ya mwaka 1994 mjini Sheffield, Uingereza, mchezaji Jimmy White alikosa mpira mweusi katika fremu ya mwisho, na Stephen Hendry akamshinda kwa fremu 18 kwa 17, ikiwa ni mara ya nne kumnyima taji hilo katika fainali. Hata hivyo White alimpa mkono, na mashabiki wanampenda hadi leo. Nawe mpe mshindi mkono ukimtazama usoni, kabla hujaanza kutenganisha vipande vya fimbo yako.