AC inapoza barabarani, kwenye foleni inapuliza joto: kagua hivi kabla ya kuongeza gesi

Kaskazi ikianza kuvuma Dar es Salaam, kuanzia Desemba mpaka Machi, wateja wengi wanaingia gereji na jibu mkononi: "Fundi, niongezee gesi." Nawaomba tusubiri kidogo. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Wakati mwingine haijapungua hata kidogo, ugonjwa uko kwingine, tena mahali ambapo hata wewe mwenyewe unaweza kupakagua.

Hatua ya 1: Toa joto kwanza

Gari lililoanikwa juani usilifunge vioo na kuwasha AC hapohapo. Shusha vioo vyote, endesha dakika mbili tatu, joto litoke. Kisha pandisha vioo na ubonyeze kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Usipokibonyeza, AC inavuta hewa ya nje ya nyuzi 33, yenye unyevu wote wa bahari, na kuanza kazi upya kila sekunde. Ukikibonyeza, inarudia hewa iliyokwisha kupoa.

Hatua ya 2: Angalia chujio la hewa ya ndani

Kama hewa ni ya baridi ila inatoka kidogo hata feni ikiwa namba ya mwisho, anza na hili. Kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Toa vitu vyote, bana kuta mbili za droo kwa ndani, itashuka, utaona mfuniko mwembamba wa plastiki. Likiwa jeusi, weka jipya na ufuate mshale uliochorwa ubavuni. La karatasi usilioshe.

Hatua ya 3: Feni na kondensa

Hapa ndipo penye majibu mengi. Kondensa ni ile kama rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta yenyewe. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Ukiwa mwendo wa 80, upepo wa barabarani unaisaidia. Ukisimama kwenye foleni ya Ubungo, inategemea feni peke yake. Kwa hiyo dalili ya baridi ukitembea na joto ukisimama, mimi naanza na feni kabla ya kugusa gesi.

Pima hivi: simamisha gari mahali tambarare, handibreki juu, injini ikiunguruma. Fungua boneti, mwambie mtu awashe AC, wewe angalia tu bila kuingiza mkono. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuanza papo hapo au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, kagua fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni), kisha mota. Ikizunguka kwa kujivuta, mota imechoka. Feni dhaifu inapandisha presha ya gesi upande wa kondensa, swichi ya presha inazima kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ili isipasuke, na wewe unahisi hewa inabadilika baridi, joto, baridi, joto. Ukiongeza gesi katika hali hiyo unazidisha presha na kuiumiza kompresa.

Sasa chungulia mapezi ya kondensa. Vumbi, wadudu na mifuko ya plastiki huziba njia ya hewa. Injini ikiwa imepoa, osha kwa bomba la kawaida, maji ya taratibu. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo. Kwa magari ya Kigamboni, Bagamoyo na Zanzibar, suuza mara kwa mara, maana chumvi ya bahari inakula alumini.

Hatua ya 4: Kompresa

Kwenye kompresa yenye klachi (kifaa kinachoiunganisha na puli), AC ikiwashwa utasikia "tak" na sahani ya mbele itaanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, tatizo ni umeme, klachi yenyewe au gesi iliyopungua sana. Hapo lipeleke gari kwa fundi.

Hatua ya 5: Gesi, sasa

Gari lililopumzika, injini imepoa, kwenye joto la nyuzi 30, geji za R134a, gesi ya AC ya magari mengi, zinasoma takriban psi 95 pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa. Namba hiyo inakuambia gesi ipo, haikuambii ni kiasi gani: iwe nusu au imejaa, presha ni ileile mradi bado kuna gesi ya kimiminika ndani. Ndiyo maana fundi anayejaza kwa kutazama geji tu anabahatisha. Kazi sahihi ni kutafuta mvujo, kuuziba, kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya mfumo) angalau dakika 30, kufunga geji na kuona kama sindano inapanda, kisha kujaza kwa mizani. Gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Gari dogo kwa kawaida linachukua kama gramu 400 tu, hivyo gramu 100 za ziada ni nyingi sana.

Kataa gesi ya friji ya nyumbani ya R600a. Inawaka moto, na evaporeta, sehemu inayopoza hewa, iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako.

Kwa wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine nyingi: kompresa ni ya umeme wa volti nyingi na inatumia oili ya POE. Oili ya PAG ya magari ya kawaida inaharibu kinga ya umeme ndani yake. Muulize fundi anaweka oili gani kabla hajaanza kazi, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kulipa

Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati, vioo vimefungwa, injini mzunguko wa 1,500 kwa dakika tano. Nyuzi 5 hadi 10 ni safi. Mchana wa Februari, gari limesimama, 12 isikutishe. Maji yakidondoka chini ya gari ni sawa. Yakilowesha kapeti ya abiria, mpira wa kutolea maji umeziba, uzibuliwe. Mwisho, mwambie fundi aandike kwenye stika pale chini ya boneti tarehe, aina ya gesi, gramu na oili aliyoweka, ili atakayefungua baada yake asianze kukisia.