Amplifaya ya valvu inanguruma, au sikio moja limekufa: pa kuanzia

Mzee mmoja wa Capri Point, hapa Mwanza, alinijia asubuhi na amplifaya yake ya hedifoni imeviringishwa kwenye khanga, kwapani ana boksi la valvu mpya, zile taa za kioo zinazokuza sauti, alizoagiza nje. "Mwangaluka, fundi. Valvu zimekufa, nyingine hizi hapa. Wewe weka tu." Nikamwambia, shikamoo baba, kaa kwanza unywe chai. Kabla kikombe hakijaisha tulikuwa tumeshampata mchawi: pini ya waya wa hedifoni, upande wa kulia, imeota kutu ya kijani. Valvu zake za zamani zilikuwa nzima kabisa.

Banda langu liko Kirumba, si mbali na mwalo, na kesi za namna hii ndizo nyingi. Unyevu wa ziwa hauoni haya. Unaingia kwenye jeki, kwenye soketi, kwenye kila chuma kinachogusana na kingine. Ndiyo maana katika mwongozo huu valvu inakuja hatua ya nne, siyo ya kwanza. Kazi yote inaendeshwa na swali moja: nikihamisha kitu kimoja, tatizo linahama nacho au linabaki pale pale? Ukihamisha viwili kwa pamoja, umejipoteza mwenyewe.

Vifaa: multimita inayosoma angalau volti 600 za DC, spiriti, mswaki wa zamani, penseli, na risista ya omu 10,000 wati 5 uliyoiunga waya zenye vibanio vilivyofunikwa plastiki. Hiyo risista nitaieleza tukifika kwenye kufungua.

Hatua ya 1: Hamisha kushoto na kulia

Tuseme sikio la kulia liko kimya. Kama hedifoni yako ina waya wa kuchomoa, mfano Sennheiser HD 600, chomoa waya pande zote mbili kwenye vikombe vya masikio, kisha chomeka wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. (Pini moja ni nene na nyingine nyembamba, kwa hiyo hauwezi kuzigeuza vibaya.) Kimya kikibaki sikio lile lile, ugonjwa uko ndani ya hedifoni. Kikihamia sikio jingine, hedifoni ni nzima, rudi nyuma.

Kurudi nyuma maana yake ni kwenda kwenye waya zinazoingiza muziki nyuma ya amplifaya. Zima, badilishana nyekundu na nyeupe upande wa amplifaya tu, washa. Kimya kikihama, ubaya uko kwenye waya hizo au kwenye chombo kinachopiga muziki. Kikibaki, sasa ndiyo tunaishuku amplifaya yenyewe au waya wa hedifoni.

Hedifoni kama za Grado, ambazo waya wake kwa kawaida hauchomoki, hazikupi nafasi hiyo. Azima nyingine ya jirani, hata ya bei rahisi. Kwa kutafuta tatizo inatosha.

Hatua ya 2: Waya, na maneno ya waya

Kuna dalili moja inayowachanganya watu wengi. Unasikia gitaa, unasikia ngoma, lakini mwimbaji kapotea, kama yuko ndani ya pipa upande wa pili wa ukuta. Watu hudhani ni valvu imezeeka. Hapana. Huo ni waya wa pamoja wa kurudia uliokatika au usioshika kwenye jeki. Ukikatika, masikio mawili yanabaki yameunganishwa kwa mfululizo, na kinachosikika ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imewekwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo inajifuta.

Chukua multimita, weka kwenye omu. Kwenye jeki kubwa ya milimita 6.35, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na shina ni la pamoja. Waya ukiwa umechomekwa kwenye hedifoni ya omu 300, na jeki ikiwa nje ya amplifaya, isome karibu na 300 kati ya ncha na shina, na vivyo hivyo kati ya pete na shina. Wakati unasoma, tikisa waya pale unapoingia kwenye jeki na pale unapoingia kwenye kikombe. Namba ikiruka, umeshampata. Kwenye plagi ya XLR ya pini nne, pini ya 1 na 2 ni za kushoto, chanya na hasi, 3 na 4 ni za kulia. Na tafadhali, kama amplifaya yako ni ya kutoa sauti kwa pini nne, usiitengenezee adapta ya kuipeleka kwenye jeki ya pini tatu. Utakuwa umeunganisha hasi mbili ambazo hazikutakiwa kukutana.

Sasa bei. Vijana huniuliza kama waya wa laki kadhaa utabadilisha sauti. Mimi huwapigia hesabu. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 0.2 una takribani omu 0.09 kwa kila mita. Waya wa mita 3, kwenda na kurudi mita 6, ni kama nusu omu. Nusu omu mbele ya hedifoni ya omu 300 ni tone kwenye ndoo. Mbele ya hedifoni ya omu 20 bado ni kidogo, ila hapo walau tunaweza kuzungumza. Nunua waya uliochomelewa vizuri, wenye jeki inayobana na ganda lisilopasuka kwenye kona. Pesa inayobaki weka kwenye kidhibiti umeme.

Kutu ya kijani: spiriti na mswaki, kausha, chomeka na kuchomoa mara kumi. Usikwangue kwa msasa, utaondoa ile dhahabu ya juu na kutu itarudi kwa kasi kuliko mwanzo.

Hatua ya 3: Mngurumo

Mngurumo una sura mbili na inafaa uzitofautishe kwa sikio. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mngurumo mzito, laini, wa chini kabisa ni ule wa 50: mara nyingi unatoka kwenye ethi inayozunguka (vyombo viwili vimeunganishwa na ethi kwa njia mbili), waya usio na kinga, au hita ya valvu, ule waya unaowaka ndani, inayovujisha umeme kwenye kathodi, chuma inachokipasha moto. Ule wenye makali kidogo, kama nyuki ndani ya kopo, ni wa 100: hao ni kapasita wakubwa wa kuchujia umeme wamechoka.

Jaribio la haraka kwa wanaosikiliza kwenye kompyuta ya mkononi: chomoa chaja, iache itumie betri. Mngurumo ukikatika papo hapo, ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mara nyingi huisha. Usikate pini ya ethi, hata aliyekushauri awe fundi maarufu kuliko mimi. Pini ile ndiyo inayokulinda siku transfoma itakapovuja kwenye bodi ya chuma.

Simu iliyolala juu ya amplifaya nayo hutoa ule mlio wa tititi-tititi. Iondoe. Na kama umeme umekatika na unatumia inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi, kelele utakayosikia siyo ugonjwa. Subiri umeme urudi ndipo uhukumu.

Hatua ya 4: Valvu

Zima, chomoa kwenye ukuta, subiri zipoe. Tazama juu au pembeni ndani ya kioo: kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariamu, kazi yake kunasa hewa inayobaki. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa, hakuna haja ya kipimo. Doa jeusi au la kahawia halina neno.

Safisha pini kwa spiriti, rudisha, na ukirudisha izungushe kidogo sana kwenye soketi ili migusano isuguane. Hapa kwetu kuna siri nyingine. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi huvutwa na mwanga, na valvu iliyowaka ni taa. Nimefungua soketi zilizojaa mabaki yao yaliyoungua, na ndiyo yaliyokuwa yanaleta mikwaruzo.

Sasa washa, sauti chini, na gonga kila kioo taratibu kwa kifutio cha penseli. Kila valvu hutoa ting kidogo. Inayolia kama kengele, au inayokwaruza, badilishana nafasi na mwenzake wa upande wa pili, baada ya kuzima na kupoa. Kelele ikihama, valvu. Ikibaki, soketi au kilicho nyuma yake. Lakini angalia kwanza: 6SN7 moja ina valvu mbili ndani yake, na kuna amplifaya ambazo kioo kimoja kinahudumia masikio yote mawili. Hapo kuhamisha hakukusaidii.

Kubadilisha aina ndiko wengi wanakoungua. ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja. ECC82, yaani 12AU7, inaingia kwenye soketi ile ile lakini inakuza mara 20 hivi badala ya 100. ECC88 nayo ina pini tisa, inaingia bila kulalamika, ila hita yake ni ya volti 6.3 kati ya pini ya 4 na ya 5. Ukiiweka kwenye soketi iliyofungwa kwa volti 12.6 kwenye pini hizo, unaiunguza. Soma maandishi kabla ya kusukuma.

Mwanga wa buluu uliojipaka kwenye kioo ni wa kawaida. Moshi wa zambarau katikati ya vyuma siyo. Na chuma cha nje, kile kinachozunguka vyuma vingine ndani ya kioo, kikianza kuwa chekundu kama makaa, zima sekunde hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kufungua

Ukiwa hujawahi kushika umeme mkubwa, ishia hapa na utafute fundi. Ndani kuna volti 150 hadi 400, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa. Chomoa, subiri, kisha bana ile risista kati ya chanya ya kapasita mkubwa na bodi ya chuma, hesabu hadi thelathini, halafu pima. Usiamini mpaka multimita isome chini ya volti 10.

Kwa kupima ikiwa imewashwa, kibanio cheusi kikae kwenye bodi, mkono mmoja ushike kipimo, mwingine mfukoni. Anza na hita, kwenye AC au DC kulingana na amplifaya: kwa hita ya volti 6.3, kati ya 5.7 na 6.9 tunavumilia. Umeme wa ukutani ukishuka hadi 200, hita isiyo na kidhibiti inapata kama 5.5, na muziki unakuwa mvivu. Kisha gridi ya valvu ya pili, yaani waya wa ndani unaopokea sauti na kuongoza mkondo. Katika amplifaya nyingi za hedifoni gridi hiyo hukaa karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa za chanya, kapasita inayotenganisha hatua mbili inavuja, na ndiyo kisa cha kile chuma kuwa chekundu. Mpya iwe na volti sawa au zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Hatua ya 6: Kabla ya kuvaa

Pima DC kwenye jeki ya kutolea sauti hedifoni ikiwa haijachomekwa. Chini ya milivolti 20 nalala usingizi. Ikizidi 50 sichomeki hedifoni ya mtu. Amplifaya isiyo na transfoma ya kutolea sauti iache ipate moto dakika moja au mbili, kwa sababu wakati wa kuamka hupiga kishindo. Yenye transfoma ya kutolea sauti ni kinyume chake: hedifoni iwe imeshachomekwa kabla muziki haujaanza.

Na hiyo isiyo na transfoma, usiivishe hedifoni ya omu 32 kisha uilaumu kwamba besi imelegea. Mpe HD 600 au Beyerdynamic DT 880 ya omu 250 au 600.

Yule mzee wa Capri Point nilimkatia wavu wa alumini wa madirishani, nikaukunja kama ngome kuzunguka valvu zake, nafasi ya vidole vitatu kila upande ili joto lipite. Wadudu sasa wanaishia nje. Kitambaa cha neti usitumie, kitaungua.