Mboga Kabla Chai Haijachemka

Mimi ni fundi cherehani, si mpishi. Lakini mke wangu ni muuguzi, na wiki za zamu ya usiku jiko la asubuhi huwa langu. Watoto ni watatu, na saa moja kasoro robo wote wawe mlangoni na viatu miguuni. Zamani kazi yangu ilikuwa nyepesi: mahamri ya jirani, mbaazi, chai ya maziwa, basi. Mke wangu akirudi huuliza mboga iko wapi. Nikimwonyesha mbaazi, anasema mbaazi ni chakula kizuri lakini hazishiki nafasi ya majani.

Nikabisha mpaka akanipigia hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwetu Lamu mchana ni wali na samaki, usiku mkate na mchuzi. Asubuhi ikipita kavu, gramu hizo zitatoka wapi?

Siri yote iko jioni. Mboga nyingi hapa kisiwani hutoka Mpeketoni huko bara, hupita gati ya Mokowe, zikavushwa kwa boti, kwa hivyo mchicha ukifika sokoni mbele ya ngome huwa umeshachoka safari. Chagua fungu ambalo shina lake ukilivunja linalia "ta!" Likipinda bila kulia, liache. Ukifika nyumbani kata mizizi, tumbukiza majani kwenye beseni la maji, kisha yainue kwa mikono. Usiyamwage pamoja na maji, maana mchanga ulioshuka chini utayarudia. Fanya hivyo mara tatu. Yakung'ute, yatandaze juu ya kanga kuukuu iliyo safi mpaka yakauke, yaviringe humo humo na uweke kwenye friji. Asubuhi hutaosha kitu, utakata tu.

Sasa injika chai, na jiko la pili weka kikaango. Kwa mayai matatu nachukua viganja viwili vya mchicha, nimeukata mwembamba, kitunguu kimoja kidogo na nusu ya pilipili boga. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchanganya mchicha mbichi na mayai kwenye bakuli. Mchicha hutoa maji, na nilichopakua siku ile kilikuwa uji wa kijani. Kaanga kitunguu na pilipili boga kwanza kwa mafuta kidogo, tia mchicha na chumvi, koroga kama dakika mbili mpaka usikie mlio umebadilika: ule wa maji unakwisha, wa mafuta unarudi. Hapo ndipo umwage mayai, upunguze moto na ufunike. Maziwa yakipanda kwenye sufuria ya chai, mayai yameshika.

Pembeni weka nyanya na tango, umekatia hapo hapo, na ukamulie ndimu. Ndimu si ya ladha tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha na mbaazi, nayo huharibika kwa moto, ndiyo maana ndimu haiingii jikoni. Chai nayo hufanya kinyume, huyazuia madini hayo. Mke wangu anataka chai inywewe saa nzima baada ya kula. Nimemwambia ahamie nchi nyingine, huku hamri bila chai halishuki. Tumesikilizana kwamba watoto waanze na sahani, kikombe kije mwisho.

Mbaazi zina darasa lake. Usiku mmoja nilizipika kabisa, na tui zito juu, nikafunika sufuria nikalala nikijisifu. Kwa joto la kaskazi, alfajiri sufuria ilikuwa na povu na harufu ya tembo la mnazi. Tui lilikuwa limechacha. Watoto walienda na mkate mkavu, nami nikapata maneno yangu. Siku hizi jioni nachemsha mbaazi kwa maji na chumvi tu, zikipoa zinaingia friji. Nazi nimeshaikuna na kuiweka kwenye barafu, asubuhi naikamua kwa maji ya vuguvugu. Mbaazi zikishachemka vizuri natia tui na bizari, na likianza kutokota natia kiganja cha mchicha au matembele yaliyokatwa madogo sana. Dakika tatu zinatosha. Mafuta ya nazi nayo husaidia mwili kupata vitamini A ya majani hayo.

Mara ya kwanza binti yangu mdogo alichungulia bakuli akasema, "Baba, haya ni majani ya punda!" Na punda kweli alikuwa kichochoroni, akitafuna. Sikumlazimisha. Wiki ile nilipunguza majani yakawa ya kuhesabika, kisha nikawa naongeza kidogo kidogo. Ukianza na fungu zima, utakula peke yako.

Kwa mtoto mgumu zaidi kuna chapati za maji za boga. Boga lililobaki kwenye chakula cha usiku liponde, nusu kikombe kwa kikombe kimoja cha unga, yai moja, chumvi, iliki, na maji mpaka rojo litiririke kutoka kwenye upawa. Rojo likiwa zito chapati hubaki mbichi katikati, kwa sababu boga lenyewe lina maji. Pika kwa moto wa wastani, na usigeuze kabla ya pembe kukauka. Karoti iliyokunwa nayo inafaa, ila ikune kwa matundu madogo.

Mbegu za boga usizitupe. Zioshe, zianike darini siku mbili, uzikaange na chumvi. Wangu huziweka mfukoni wakielekea shule.