Jinsi ya Kuvuna Alama Katika Shahada ya Kompyuta: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu Nchini Uganda

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu nchini Uganda kusomea kompyuta huwa ametoka kidato cha sita akiwa na mazoea ya mtihani mmoja mkubwa unaoamua kila kitu, na mazoea hayo ndiyo yanayowaangusha wengi katika mwaka wa kwanza. Chuoni alama huanza kuhesabiwa mapema, wakati wewe bado unatafuta chumba cha kupanga Wandegeya au Banda, na zinazopotea katika wiki hizo ni vigumu kurudishwa na usiku mmoja wa kukesha. Nimekaa pande zote mbili za meza, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa msaidizi wa maabara, na karibu kila aliyeshindwa mbele ya macho yangu hakushindwa kwa kukosa akili. Alishindwa kwa kutojua anapimwa vipi na lini.

Anza kwa kusoma mpango wa somo

Katika mhadhara wa kwanza mhadhiri hutoa mpango wa somo, karatasi ambayo wengi huikunja na kuisahau. Isome kama mkataba. Tafuta kwanza idadi ya krediti. Katika vyuo vyetu vingi krediti moja ni saa 15 za masomo, lakini saa hizo hazihesabiwi kwa namna moja: saa moja ya mhadhara ni saa moja, ilhali saa mbili za maabara huhesabiwa kuwa moja. Kwa hiyo somo la krediti nne lenye saa 45 za mihadhara lina saa nyingine 30 za maabara zinazokusubiri, na ukiziacha hizo umeacha sehemu kubwa ya somo lenyewe.

Krediti ndizo pia zinazoamua uzito wa somo katika wastani wako. Chukua kipimo cha Makerere, ambacho vyuo kadhaa nchini hutumia mfano wake: alama 80 na zaidi hupewa pointi 5.0, kati ya 70 na 74 pointi 4.0, kati ya 60 na 64 pointi 3.0, na kati ya 50 na 54 pointi 2.0. Tuseme umepata 72 katika somo la programu lenye krediti nne, 61 katika hisabati yenye krediti tatu, na 82 katika somo la mawasiliano lenye krediti tatu. Zidisha pointi kwa krediti, jumlisha, kisha ugawanye kwa jumla ya krediti: 16, 9 na 15 ni 40, na 40 kwa 10 ni 4.0, wastani unaokuweka katika daraja la pili la juu, linaloanzia 3.60. Sasa badilisha kitu kimoja tu, yaani upate 52 katika programu badala ya 72. Wastani unashuka hadi 3.2, na umeteremka hadi daraja la pili la chini hata kama masomo mengine hayakuguswa. Ndiyo sababu ninawashauri wanafunzi wapange ratiba yao ya kujisomea kwa kufuata krediti, wasiifuate hofu ya mhadhiri mkali.

Jambo la pili la kutafuta katika mpango huo ni mgawanyo wa alama. Aghalabu kazi za muhula hubeba alama 30 hadi 40 katika mia, na mtihani wa mwisho hubeba zilizobaki. Fanya hesabu mapema. Ukiingia kwenye mtihani wa alama 60 ukiwa umeshakusanya 31 kati ya 40, unahitaji 19 tu ili ufikie 50 ya kufaulu, na akili yako itakuwa huru kutafuta alama za juu. Ukiingia na 14, unahitaji 36 kati ya 60, na hapo kila swali linakuwa suala la kufa na kupona. Angalia vilevile kanuni ya mahudhurio, kwa kuwa vyuo vingi hudai uwe umehudhuria angalau robo tatu ya masomo kabla ya kuruhusiwa kuketi kwenye mtihani.

Kushindwa somo kuna gharama isiyoonekana katika mpango huo. Somo la muhula wa kwanza kwa kawaida halifundishwi tena hadi muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata, kwa hiyo atakayelirudia atalibeba pamoja na mzigo mpya. Katika kompyuta masomo hupandiana kama matofali: asiyeelewa misingi ya programu hataelewa programu za vitu (object-oriented programming), na asiyeelewa hizo atateseka katika miundo ya data.

Maabara na karatasi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Programu hufundishwa kwa mhadhara unaoonesha wazo, kisha kwa maabara ambako unalijaribu kwa mikono. Katika darasa la mamia ya watu, msaidizi wa maabara hawezi kumfikia kila mmoja, kwa hiyo atakayefika na swali mahususi atasaidiwa kabla ya atakayesema tu kwamba programu yake haifanyi kazi. Fika ukiwa umeshajaribu zoezi. Andika ujumbe wa kosa kama ulivyotokea, andika ulichotarajia na ulichokiona, ndipo uinue mkono. Usitegemee kompyuta yako peke yake: kazi inayokwenda vizuri kwenye kompyuta mpakato yako inaweza kugoma kwenye mashine ya maabara kwa sababu toleo la lugha ni tofauti au maktaba fulani ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, haipo, na atakayesahihisha hatakuja chumbani kwako kuishuhudia ikifanya kazi.

Kitu kinachowashangaza wageni ni kwamba mtihani wa mwisho wa programu mara nyingi huandikwa kwa kalamu. Hakuna kompyuta ya kukukumbusha nukta mkato iliyokosekana, wala ya kukuambia kwamba kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani, hakijatangazwa. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba jambo hili ni la kizamani, na kwa kiasi fulani wana haki. Hata hivyo ukilitazama vizuri utaona kwamba karatasi hupima kitu ambacho kompyuta hukificha, yaani kama unaweza kuuendesha msimbo kichwani mwako.

Jizoeze hivi. Kila zoezi la maabara liandike kwanza kwenye daftari, ukiwa mbali na kibodi, kisha lichape kama lilivyo bila kurekebisha chochote, na uhesabu makosa ambayo kompyuta inayakamata. Wiki ya kwanza huenda yakawa 12; ukishika mwendo huo bila kuruka wiki, hadi katikati ya muhula yatakuwa mawili au matatu, na utakuwa unayajua kwa majina. Kisha jifunze kufuatilia msimbo kwa jedwali. Chora safu moja kwa kila kigeu na mstari mmoja kwa kila mzunguko. Chukua mfano wa kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa, kinachoanza na namba 3, na kila mara namba ikiwa chini ya 20 inazidishwa kwa mbili kisha inapunguzwa moja. Thamani zake zitakuwa 3, 5, 9, 17, halafu 33, na hapo kitanzi kinasimama baada ya mizunguko minne. Wengi huandika jibu la 17, kwa kudhani namba haiwezi kuvuka 20, wakisahau kwamba sharti hukaguliwa kabla ya mzunguko na si katikati yake. Aliyechora jedwali hawezi kukosea hapo, na hata akikosea, msahihishaji ataona hatua zake na kumpa sehemu ya alama.

Kuhusu alama za sehemu, usiache ukurasa mtupu hata kidogo. Swali la kuandika funksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kurudisha jibu, huwa na alama zilizogawanywa: kutangaza vigeu, kuandika kitanzi, kuweka sharti sahihi, kurudisha jibu. Ukikwama, andika hatua kwa maneno ya kawaida kwa Kiingereza, kwa sababu mpangilio sahihi wa mawazo una thamani yake hata kama sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha ya programu, imekukimbia. Kisha kagua kingo: itakuwaje orodha ikiwa tupu, au ikiwa na kitu kimoja tu?

Na kuhusu lugha: ingawa Kiswahili kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mihadhara na mitihani ya kompyuta inaendeshwa kwa Kiingereza. Hilo halikuzuii kujadili kwa Kiswahili. Kundi letu la kusomea lilikuwa na watu wa Busia, wa Arua na Watanzania wawili, na tulikuwa na desturi ya kumtaka mmoja aeleze wazo, kwa mfano funksheni inayojiita yenyewe, kwa Kiswahili kitupu bila neno la Kiingereza. Aliyekariri tu alikwama katika sentensi ya pili. Baada ya hapo tulirudi kwenye Kiingereza na kuandika jibu kama litakavyoandikwa kwenye mtihani, kwa kuwa istilahi nazo zina alama zake.

Kazi za kundi na kazi za kuiga

Kazi nyingi za muhula hufanywa kwa makundi, kwa sababu mhadhiri mmoja hawezi kusahihisha kazi 300 za mtu mmoja mmoja. Niliwahi kuwa katika kundi la sita ambalo wawili walifanya kazi yote na wanne wakaandika majina yao kwenye jalada. Siku ya kutetea kazi mhadhiri hakuwauliza wale wawili hata swali moja. Aliwageukia wanne, na kundi zima likakatwa alama. Tangu hapo sikubali kundi lisilo na utaratibu. Gawaneni kazi kwa maandishi siku ya kwanza, wekeni msimbo kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ili kila mchango uonekane na jina na tarehe yake, na kabla ya kuwasilisha kila mmoja aeleze sehemu iliyoandikwa na mwenzake. Maswali ya utetezi yanafanana: mstari huu unafanya nini, na ukiuondoa itakuwaje?

Usinakili msimbo wa mwenzako ukidhani kubadili majina ya vigeu kutauficha. Tangu mwaka 1994 ipo programu iitwayo MOSS, iliyotengenezwa na Alex Aiken, ambayo hulinganisha muundo wa msimbo na haijali umeita kigeu jumla au total. ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imeleta tatizo la aina nyingine, kwa sababu jibu lake halifanani na la jirani yako. Kwa maoni yangu itumie kama mwalimu wa ziada: mwambie akueleze kosa, akutungie zoezi, akuulize maswali. Ukimwachia aandike kazi yako, umejinunulia alama kumi za muhula kwa bei ya mtihani mzima wa kalamu.

Mafunzo kazini na mradi wa mwisho

Mwishoni mwa mwaka wa pili wanafunzi wengi hupelekwa kwenye mafunzo kazini katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Tafuta nafasi mapema, na ujaze daftari la kumbukumbu kila siku, kwa maana msimamizi wako wa chuo atalikagua na hutaweza kukumbuka mwezi wa pili ulichofanya Jumanne ya wiki ya kwanza.

Tunza vilevile ushahidi wa kila alama. Malalamiko ya alama zilizopotea ni ya kawaida mno katika vyuo vyetu, na anayefika ofisini mikono mitupu huondoka hivyohivyo. Hifadhi karatasi za majaribio zilizorudishwa, piga picha ya skrini kila unapowasilisha kazi kwenye jukwaa la mtandaoni, na uripoti pengo mara tu matokeo yanapotoka.

Mradi wa mwaka wa mwisho hufanywa na kundi dogo chini ya msimamizi mmoja, na hupitia andiko la wazo, hati ya mahitaji, hati ya usanifu, mfumo wenyewe na ripoti, kisha utetezi mbele ya jopo. Chagua tatizo ambalo mwenye nalo yuko karibu, kama vile muuza dawa wa mtaani kwenu au chama cha waendesha bodaboda, ili uweze kumrudia kila wiki umwoneshe ulichojenga. Miradi inayoanguka mbele ya jopo ni ile yenye mahitaji yaliyobuniwa chumbani, kwa sababu swali la kwanza la jopo huwa ni nani atatumia kitu hiki na ulimuuliza lini. Mpelekee msimamizi kazi ndogo mara kwa mara badala ya kumpelekea ripoti ya kurasa 80 wiki moja kabla ya utetezi.

Siku yenyewe, usiutegemee umeme wala intaneti. Weka nakala ya mfumo inayofanya kazi bila mtandao, weka nyingine kwenye kompyuta ya mwenzako, na urekodi video ya dakika tano inayouonesha mfumo mwanzo hadi mwisho. Projekta ikizimika, geuza kompyuta kuelekea jopo na uendelee kueleza.