Jinsi ya Kutenganisha Bahati na Ustadi katika Magemu ya Mapigano

Ukishindwa, usiseme umekosa bahati kabla hujatazama marudio ya mechi na kujiuliza pigo lililokumaliza liliamuliwa na nani. Ipo bahati nasibu ya kweli, ambayo mashine yenyewe ndiyo inayopiga kura: katika Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008, mhusika aliweza kujikwaa na kuanguka bila kuguswa na mtu, na nyundo ya mhusika Mr. Game & Watch hutoa namba yoyote kuanzia 1 hadi 9. Matukio ya aina hiyo yaweke kando, kwa kuwa huna la kuyafanya.

Mengi yanayobaki ni kukisia, na kukisia kunafundishika. Chukua Street Fighter 6, pale unapoinuka baada ya kuangushwa na mpinzani yuko karibu nawe. Akipiga, kukinga kutakuokoa. Akikushika na kukutupa, kukinga hakukusaidii. Mtupo wa kawaida hunasa ndani ya fremu 5 (fremu ni picha moja ya mchezo kwenye skrini), na sekunde moja ina fremu 60, kwa hiyo haiwezekani macho yaone kwanza ndipo kidole kijibu. Katika marudio, hesabu mara ngapi ulikinga, uliruka au ulibonyeza pigo. Ikiwa jibu ni lilelile karibu kila mara, basi mpinzani hakubahatisha, alikusoma. Kisha ingia katika hali ya mazoezi, mrekodi mhusika wa mashine akipiga na akitupa, uiachie mashine ichague bila mpangilio, nawe ujizoeze kubadilisha majibu. Pima pia gharama, kwa maana mara nyingi ni nafuu kukubali mtupo mmoja kuliko kujaribu kuukwepa ukapokea mfululizo wa mapigo.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa mashindano ya magemu ya mapigano ya Evo 2004, ambapo Daigo Umehara, akiwa amebakiwa na uhai mdogo kiasi kwamba hata kukinga kungemuua, kwa kuwa kukinga shambulio kuu bado hupunguza uhai kidogo, aliyapangua (yaani aliyazuia kwa kubonyeza mbele kwa wakati kamili, bila kupoteza uhai) mateke yote ya shambulio kuu la mhusika Chun-Li aliyechezwa na Justin Wong. Pigo la kwanza halikusubiri macho: ilimlazimu kulitarajia, na alilitarajia kwa sababu alijua kuwa mpinzani aliyekaribia ushindi angetamani kuumaliza mchezo kwa shambulio hilohilo.

Mwisho, usijipime kwa mechi chache. Mchezaji mwenye uwezo wa kushinda michezo 60 kati ya 100 dhidi ya mpinzani fulani atashinda pambano la kuwahi ushindi 2 kwa takriban asilimia 65 tu, la kuwahi 3 kwa asilimia 68, na la kuwahi 10 kwa asilimia 81. Kwa hiyo mwombe anayekusumbua mcheze hadi mmoja afikishe ushindi 10, na marudio yote uyahifadhi.